Mavazi ya Matembezi ya Mazoezi Wakati wa Kipupwe: Kutoka Raskazone hadi Lushoto

Miezi ya Juni, Julai na Agosti huleta katika mwambao wa Tanga majira ambayo wenyeji huyaita kipupwe. Upepo wa kusi huvuma kutoka baharini, jua hupungua ukali, na alfajiri jotoridi la mji hushuka hadi karibu nyuzijoto 20. Kwa mgeni aliyetoka Ulaya hali hiyo ni ya kupendeza. Kwa mwenyeji aliyezoea nyuzijoto 32 za mchana wa Februari, ni baridi ya kutosha kumfanya afungue sanduku kutafuta sweta. Ndipo katika barabara inayopita Bombo kuelekea Raskazone huonekana watembeaji wa asubuhi waliovaa kama wapanda mlima: jaketi la nailoni lililofungwa zipu hadi kidevuni, sweta chini yake, na kofia ya sufu iliyoshushwa hadi masikioni. Baada ya nusu saa jaketi limehamia kiunoni, fulana imelowa na kugandamana na mgongo, na upepo wa bahari unapiga moja kwa moja juu ya nguo hiyo mbichi.

Mkoani humo humo, kosa la pili hutendeka kwa kwenda upande ulio kinyume. Kundi la wafanyakazi au wanafunzi hupanda basi mjini Tanga kwenda Lushoto kwa matembezi ya mwisho wa juma, likiwa limevaa fulana na kaptura zile zile za ufukweni. Lushoto iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kwa wastani wa nyuzijoto 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Hesabu hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini alfajiri ya nyuzijoto 20 pale Tanga huwa alfajiri ya nyuzijoto 11 hivi katika mji wa Lushoto, na pungufu ya hapo katika msitu wa Magamba, ambako vilele hupita mita 2,000 na ukungu hutanda hadi saa tatu au nne asubuhi.

Makosa haya mawili yana chanzo kimoja. Watu huchagua mavazi kwa kufuata namna wanavyohisi wakiwa wamesimama mlangoni, ilhali mwili utakaovaa nguo hizo baada ya dakika kumi ni mwili mwingine kabisa.

Mtu mzima aliyekaa kitako huzalisha joto la wati 80 hadi 100, sawa na taa moja ya umeme ya aina ya zamani. Akianza kutembea kwa mwendo wa kasi wa kilomita 5 au 6 kwa saa, joto hilo huongezeka mara tatu hadi nne, kwa sababu misuli hutumia robo tu, au pungufu ya robo, ya nishati yake kusukuma mwili mbele. Sehemu inayobaki hutoka kama joto. Mwaka 1941 wataalamu wa fiziolojia wa Marekani na Kanada walipotaka kipimo cha uwezo wa nguo kuzuia joto, walianzisha kizio walichokiita klo. Klo moja ni kinga inayomwezesha mtu aliyekaa kimya, katika chumba chenye nyuzijoto 21 na hewa tulivu, aendelee kujisikia vizuri. Kwa lugha ya kawaida ni suti kamili ya ofisini. Msomaji wa Tanga ataona kwamba nyuzijoto 21 ndizo za alfajiri yake ya Julai. Mzee aliyekaa barazani akisubiri kahawa ana haki ya kuvaa koti. Mzee huyo huyo akiinuka na kutembea kwa kasi kuelekea Raskazone, fulana na suruali nyepesi humtosha, na kila kinachozidi hapo kitageuka jasho.

Jasho lenyewe si adui. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa mwilini joto la kilokalori 580 hivi, na hakuna mashine ya kupooza iliyo bora kuliko hiyo. Sharti ni kwamba likauke. Katika hewa ya mwambao yenye unyevu mwingi, au ndani ya jaketi lisilopitisha mvuke, jasho hutiririka na kudondoka bila kupooza kitu, na moyo huendelea kusukuma damu kwenye ngozi bila faida. Matembezi yakikoma hali hugeuka ghafla. Misuli huacha kuzalisha joto la ziada ilhali nguo bado zimelowa. Maji hupitisha joto takribani mara 25 kuliko hewa iliyotulia, hivyo nguo iliyokuwa kinga huwa sasa njia ya kutolea joto. Pale Tanga matokeo yake ni kutetemeka kidogo na kero. Katika ukungu wa Magamba, kwa mtu aliyechoka, aliyeteguka kifundo cha mguu na kulazimika kukaa saa mbili akisubiri msaada, matokeo yake yaweza kuwa hatari. Kitaalamu, mwili umepoa kupita kiasi pindi jotoridi la ndani linaposhuka chini ya nyuzijoto 35, na hilo halihitaji theluji. Hewa ya nyuzijoto 10, upepo na nguo mbichi hutosha. Dalili za mwanzo ni kutetemeka kusikozuilika, vidole kushindwa kufunga kamba za viatu, ulimi kuwa mzito na miguu kujikwaa. Anayefikia hatua ya kuchanganyikiwa na kuacha kutetemeka hajapata nafuu. Hali yake ndiyo inazidi kuwa mbaya.

Hapa yafaa kusimama kidogo kwenye desturi moja iliyoenea sana katika vikundi vya mazoezi vya mijini, nayo ni kujifunga nailoni tumboni au kuvaa suti ya plastiki ili kutoa jasho jingi. Wengi huamini kwamba jasho ni mafuta yaliyoyeyuka. Kipupwe huonekana kwao kuwa wakati mwafaka wa jambo hili, kwa kuwa hewa ni ya baridi na mtu huvumilia zaidi. Hesabu hukanusha imani hiyo bila huruma. Saa moja ya kutembea kwa kasi hutumia kilokalori 300 hivi, na kilo moja ya mafuta ya mwili ina akiba ya takribani kilokalori 7,700. Maana yake ni kwamba hata kama nishati yote ingetoka kwenye mafuta, saa hiyo ingepunguza gramu 40 tu. Kilo nzima inayoonekana imepungua kwenye mizani ni lita moja ya maji, nayo itarudi pamoja na chupa mbili za kwanza za maji ya kunywa. Faida ya matembezi iko kwenye wiki na miezi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, na hakuna mahali linaposema yafanywe ndani ya mfuko.

Madhara ya desturi hii yameandikwa. Mwishoni mwa mwaka 1997, katika muda wa takribani mwezi mmoja, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walifariki wakijaribu kupunguza uzito kwa haraka. Wote watatu walikuwa vijana wenye afya, na wote walikuwa wakifanya mazoezi makali wakiwa ndani ya suti zisizopitisha mvuke, mahali penye joto. Chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo kilipiga marufuku suti hizo mwanzoni mwa mwaka 1998. Mtembeaji wa Tanga hafanyi mazoezi makali kama ya wanamieleka wale. Lakini pengine ana miaka hamsini na mitano, ana shinikizo la juu la damu, na kila asubuhi humeza kidonge cha kupunguza maji mwilini. Kumwongezea kidonge hicho lita moja ya jasho kabla hajanywa hata kikombe cha chai ni kumwandalia kizunguzungu cha kuanguka barabarani.

Kwa mwambao, basi, kanuni ni nyepesi. Mtembeaji atoke nyumbani akihisi ubaridi kidogo. Kama anajisikia vizuri kabisa akiwa amesimama mlangoni, amevaa kupita kiasi. Fulana moja isiyobana, suruali nyepesi, na juu yake kitu kimoja cha kuvuliwa kwa urahisi, kama vile shati la mikono mirefu lenye vifungo au kanga iliyotupwa mabegani, hutosha hata siku kusi inapovuma kwa nguvu. Anayekwenda mkondo wa bahari na kurudi apange kuanza kwa kuukabili upepo, ili anaporudi akiwa amelowa jasho upepo uwe mgongoni. Wavuvi wa mwambao wamezipangia pepo hizi safari kwa karne nyingi. Mtembeaji naye hana sababu ya kuzipuuza.

Kina mama wengi wa mji hutembea wakiwa wamevaa buibui au dera, na mara nyingine huambiwa kwamba mavazi hayo hayafai kwa mazoezi. Ushauri huo umekosa msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1980 katika jarida la Nature kuhusu majoho ya Mabedui wa jangwani ulionyesha kwamba joho jeusi na joho jeupe humfikishia mvaaji joto linalolingana, kwa kuwa hewa hupita chini ya vazi pana na kulichukua joto kabla halijafika kwenye ngozi. Upana una maana kubwa kuliko rangi. Kinachodhuru ni kuvaa buibui juu ya suruali ya jinsi na blauzi nzito. Vazi jepesi la ndani, hijabu ya kitambaa laini kisichotelezateleza, na pindo lisiloburuta wala kunasa kwenye kiatu, humwezesha mama kutembea kilomita tano bila taabu. Rangi nyeusi ina tatizo lake jingine, tena kubwa: saa kumi na moja alfajiri, dereva wa bodaboda haioni. Kanga nyeupe mabegani au mkanda unaoakisi mwanga waweza kuokoa maisha kuliko ushauri mwingine wote uliomo katika makala haya.

Lushoto yataka utaratibu mwingine, ule wa tabaka tatu. Tabaka la kwanza, linalogusa ngozi, kazi yake ni kuondoa jasho. Hapo pamba, kipenzi cha mwambao, hushindwa, kwa sababu huyanyonya maji, huyashika na huchelewa kukauka. Poliesta nyembamba, ile ya jezi za mpira, hukauka mapema zaidi. Tabaka la pili hushika hewa tulivu, kwa kuwa hewa iliyonaswa ndani ya vazi ndiyo inayotia joto, nalo ni sweta. Sufu ndiyo bora, maana hubaki na sehemu ya joto lake hata ikilowa, akriliki hufuata. Tabaka la tatu huzuia upepo na mvua, na hili hubaki ndani ya begi hadi litakapohitajika. Kupanda kutoka mjini kuelekea Magamba hufanywa na tabaka la kwanza peke yake au na sweta iliyofunguliwa kifua. Mara kundi linaposimama kupumzika au kutazama mandhari, sweta na jaketi huvaliwa papo hapo, kabla baridi haijahisiwa. Wenyeji wa milimani hufanya hivyo bila kufundishwa. Mkulima wa Usambara apandaye na mzigo wa kabichi asubuhi hubeba koti lake begani, na hulivaa anapofika sokoni na kukaa.

Hakuna haja ya kwenda kwenye duka la vifaa vya michezo. Katika rundo la mitumba la soko lolote la Tanga, Muheza au Korogwe, sweta za sufu huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu wanunuzi wa pwani hawazitaki. Mnunuzi asome kitambulisho kilichoshonwa ndani ya ukosi au ubavuni, na kama kimekatwa, alowanishe pembe ya nguo kwa maji kidogo: pamba hunywa na kuwa nzito mara moja. Suruali ya jinsi iachwe nyumbani. Ikilowa umande wa vichakani huwa nzito, hukwaruza mapaja, na haikauki siku nzima.

Kuhusu kichwa, imesemwa mara nyingi kwamba nusu ya joto la mwili hupotelea huko. Si kweli, kichwa cha mtu mzima ni karibu sehemu moja ya kumi tu ya eneo la mwili, na hupoteza joto kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Kofia hata hivyo ni vazi la thamani milimani, kwa kuwa huvuliwa na kuvaliwa bila kusimama. Miguu ndiyo ihitajiyo uangalifu zaidi. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana hupunguza damu na kuongeza baridi. Soksi moja nene ndani ya raba iliyo na nafasi ya vidole kucheza ni bora. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimeanza kufa ganzi hatahisi lengelenge likifanyika, hivyo akague miguu yake kabla na baada ya matembezi, na asijaribu kiatu kipya kwenye safari ya mlima. Kuotesha miguu karibu na moto akiwa hana hisia kamili ni njia ya mkato ya kuingia wodini.

Baridi ina watu inaowaonea kuliko wengine. Ngozi ikipoa, mishipa midogo ya damu husinyaa, shinikizo la damu hupanda na moyo hufanya kazi dhidi ya ukinzani mkubwa zaidi. Kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kuanza kupanda mlima kwa kasi katika hewa ya baridi kwaweza kuleta maumivu ya kubana kifuani. Aanze polepole, avae kabla ya kutoka, na akibanwa kifua asimame na kutafuta matibabu siku hiyo hiyo. Watumiaji wa dawa za shinikizo kama atenololi na propranololi wataona vidole vyao vinapoa upesi. Wavae glavu, na wasiache dawa. Wenye pumu wafunike pua na mdomo kwa kitambaa chepesi ili hewa ipate joto na unyevu kabla ya kufika kwenye mapafu, na kivutio cha dawa kiwe mfukoni mwa nguo wanayoivaa, wala si ndani ya begi lililoachwa garini.

Lakini kundi linalosahauliwa zaidi ni wenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa kabisa ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo duniani, na mwambao wenye historia ndefu ya malaria haukosi familia zinazoujua. Baridi inaposinyaza mishipa, damu hupita taratibu, chembe nyekundu hukaa muda mrefu zaidi bila oksijeni, hujikunja na kuziba njia. Upungufu wa maji na uchovu wa kupanda huongeza tatizo. Kijana aliyeishi Tanga miaka mingi kwa nafuu aweza kupatwa na maumivu makali ya mifupa usiku wa kwanza wa safari ya shule milimani. Si lazima azuiwe kusafiri. Mwalimu ajue hali yake mapema, na daktari wake aulizwe. Avalishwe sweta kabla basi halijaanza kupanda kutoka Mombo. Anywe maji mara kwa mara hata kama hana kiu. Apewe ruhusa ya kubaki nyuma bila kudhihakiwa. Na wenzake watakapojimwagia maji kwenye maporomoko ya Soni, yeye abaki kavu. Maumivu yakianza, dawa na maji hutolewa mara moja, na homa, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida ni sababu ya kumkimbiza hospitali bila kungoja asubuhi.

Lugha yenyewe imechangia hofu isiyo mahali pake. Jina baridi yabisi limewafanya wengi waamini kwamba viungo huumwa kwa kupigwa na upepo, na kwa hiyo mzee mwenye magoti yanayouma huambiwa aache kutembea wakati wa kipupwe. Hewa ya baridi yaweza kuongeza ukakamavu na maumivu, lakini haili gegedu ya goti. Na matembezi ya kiasi ni sehemu ya tiba. Mzee afunge magoti kwa suruali yenye joto na aendelee. Vivyo hivyo nimonia huletwa na vimelea, na mtoto mwenye homa anayepumua kwa haraka hawezi kutibiwa kwa kuongezewa sweta. Huyo apelekwe kituo cha afya.

Limebaki jambo la mwisho wa matembezi, ambalo hupuuzwa na karibu kila mtu. Baridi nyingi inayolalamikiwa haipatikani njiani. Hupatikana katika robo saa ya kwanza baada ya kufika, wakati kundi linapiga picha na kusubiri chai. Fulana kavu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji haizidi uzito wa embe moja. Nguo mbichi ivuliwe kwanza, ngozi ifutwe kwa kanga, fulana kavu na sweta vivaliwe, ndipo mtu akae na kikombe chake. Wanaorudi pwani siku hiyo hiyo wakumbuke pia kuvua upya wafikapo Mombo, takribani mita 1,000 chini ya Lushoto, ambako abiria aliyelala ndani ya koti huamka ameloa jasho tena, na dirisha la basi li wazi ubavuni mwake.